Kabla hujauza ng'ombe ununue boti: historia fupi ya wasio na chombo Ziwa Tanganyika

 

Leo tuweke pembeni mbolea na viuatilifu. Nina swali nililoletewa na mzee mmoja baada ya mavuno, na najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Alikuja na daftari lake la shule lililokunjwa mara mbili, akakaa, tukasalimiana, akasema:

"Bwana shamba, nina ng'ombe sita wa kulimia. Nikiuza wanne, nikaongeza na fedha ya mahindi, napata boti ya mbao na injini iliyotumika. Nikipeleka unga na maharage Kirando, narudi na dagaa. Mwaka mmoja tu nimerudisha ng'ombe wangu. Unaonaje?"

Nilimwomba anipe wiki moja. Sikutaka kumjibu haraka, kwa sababu ng'ombe wanne kwetu Ufipa ni plau mbili. Ni ekari ambazo hazitalimwa mwakani, au zitalimwa kwa kukodi ng'ombe wa jirani baada ya jirani kumaliza kwake, mvua ikiwa imeshapita.

Ila kabla ya wiki kwisha nilijiuliza jambo moja dogo. Mzee huyu amepeleka mahindi Sumbawanga mjini kwa zaidi ya miaka ishirini, na hajawahi kufikiria kununua Fuso. Analipa nafasi ya magunia yake, anapanda juu ya mzigo, anafika. Kwa nini basi akifika ukingoni mwa ziwa anaona lazima awe na chombo chake?

Nimepitia historia ya ziwa letu kutafuta jibu, na nimeona kwamba wengi waliofanya biashara ziwani hawakuwa na chombo. Walikuwa na njia zao. Njia hizo bado zipo, na makosa waliyoyafanya pia yapo. Tuyaangalie moja moja.

Mfipa wa juu na ziwa la chini

Sumbawanga ipo kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika lipo kwenye mita 770 hivi. Maana yake ukitoka uwandani kwenda Kasanga, Wampembe, Kipili, Kirando au Kabwe, unashuka karibu kilometa nzima kwa kimo. Upande wa pili ukishuka Lyamba lya Mfipa unaingia bonde la Ziwa Rukwa. Sisi tuko katikati, juu, kwenye majani na upepo.

Wazee wetu wa Nkansi na Lyangalile walijulikana kwa ulezi, kwa matuta yao ya intumba yaliyofukia majani yakawa mbolea, kwa majembe waliyoyayeyushia kwenye tanuru za udongo, na kwa nguo za pamba walizofuma wenyewe. Hawakujulikana kwa mitumbwi. Sababu yake si uvivu. Mtumbwi mkubwa wa zamani ulichongwa kutoka gogo moja la mti mnene, na mitumbwi bora ya ziwa hili ilitoka ng'ambo ya Kongo, katika misitu ya Ugoma, ambako kulikuwa na mivule. Uwanda wa Ufipa una majani mengi na miti mikubwa michache. Kumiliki mtumbwi kwa mtu wa juu kulikuwa gharama juu ya gharama: kuununua mbali, kuutunza mbali na nyumbani, na kuwalipa watu wa kuupiga makasia.

Hata hivyo misafara iliyotoka pwani na Unyamwezi katika karne ya 19 ilipita Ufipa kutafuta chakula, na Kirando palikuwa kivuko cha kwenda Marungu, ng'ambo. Tusifiche kwamba vyombo hivyo vilibeba pembe za ndovu na vilibeba pia watu waliofanywa watumwa. Lakini chakula cha safari kilitoka kwa mkulima, na mkulima huyo hakuwa na mtumbwi. Aliuza juu, au alishusha mzigo wake hadi ufukweni na kumwachia mwenye mtumbwi kazi ya maji. Huo ndio mgawanyo wa kazi wa zamani kabisa katika ziwa hili: mwenye shamba na mwenye chombo ni watu wawili.

Wageni waliolazimika kukodi

Habari za kukodi vyombo zimeandikwa vizuri zaidi na wageni wa Kizungu, kwa sababu wao walikuwa na daftari. Naomba tuzisome kama wafanyabiashara tunavyosoma risiti.

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Hawakuwa na chombo. Mwezi Machi, Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi wa kukodi hadi kisiwa cha Kasenge, akamwombe tajiri mmoja Mwarabu, Sheikh Hamid bin Sulayyim, jahazi lake. Alipokelewa vizuri na kuahidiwa. Kisha zikaanza sababu: mabaharia hawapo, safari nyingine ipo mbele, subiri miezi. Speke alirudi Ujiji bila jahazi, karibu mwezi mzima umepotea.

Ndipo wakakodi mitumbwi miwili kwa Kannena, mkuu wa Kawele pale Ujiji. Walilipa kwa nguo, shanga na vikuku vya shaba, na bei ilikuwa kali, kwa sababu Kannena aliwaona hawana pengine pa kwenda. Walifika Uvira mwezi Aprili. Walikuwa wamekusudia kufika mdomo wa mto Rusizi, kaskazini kidogo tu. Kannena na wapiga makasia wakakataa kuendelea, wakisema watu wa huko si salama kwao. Safari ikaishia hapo.

Unaona makosa mawili? La kwanza, Speke alisafiri kwa kutegemea ahadi. La pili, Burton alilipa bila kuhakikisha kwamba watu wa mtumbwi wamekubali mwisho wa safari ni wapi. Hata leo mtu analipia mzigo hadi Kirando, boti inashusha Kipili, nahodha anasema upepo umebadilika, na mwenye mzigo anatafuta usafiri mwingine kwa fedha nyingine.

Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walifanya safari ile ile ya kaskazini. Nao hawakuwa na chombo. Waliazimwa mtumbwi wa mvule na Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji, wakafika Rusizi na kuona kwamba mto unaingia ziwani. Walichokuwa nacho wao ni uhusiano mwema na mwenye chombo, na watu wao wa kusafiri nao. Mwaka 1874 Verney Cameron alikodi vyombo Ujiji, akashuka kwa pwani yetu ya Ufipa hadi kusini, akapanda upande wa magharibi hadi akaona mto Lukuga, unakotokea maji ya ziwa. Safari yote hiyo ilifanyika kwa chombo cha kukodi.

Aliyekuja na chombo chake ni Stanley, aliporudi mwaka 1876. Boti yake, Lady Alice, ilitengenezwa kwa vipande ili wapagazi waibebe mabegani kutoka Bagamoyo. Ilimsaidia, sikatai. Lakini hesabu wapagazi, hesabu chakula chao, hesabu miezi. Mwishowe, mwaka 1877, aliiacha juu ya miamba kwenye maporomoko ya Isangila, mto Kongo, kwa sababu gharama ya kuendelea kuibeba ilizidi faida yake. Boti hiyo hakuiuza wala hakuirudisha nyumbani.

Meli iliyowafaa wasioimiliki

Baada ya hapo zilikuja meli za moshi. Wamisionari wa London Missionary Society walishusha Good News majini mwaka 1885, kusini mwa ziwa. Wajerumani wakaleta Hedwig von Wissmann mwaka 1900. Vyuma vya meli hizo vilibebwa nchi kavu kwa jasho la watu wetu na wa majirani zetu.

Kisha ikaja ile tunayoijua sote. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Ilishushwa majini Februari 1915 kwa jina Graf von Götzen. Vita ikaendelea, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na Kigoma ili isichukuliwe na adui. Mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwanza. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwaka 1867.

Sasa piga hesabu, ndugu msomaji. Waliotoa fedha za kuijenga waliitumia kuanzia Februari 1915 hadi Julai 1916. Hiyo ni mwaka mmoja na miezi mitano tu. Watu wa Kasanga, Wampembe, Kipili na Kirando, ambao hawakuwahi kumiliki hata msumari wake, waliitumia kwa takriban miaka 90 kwa kulipa nauli.

Liemba ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi, ikichukua abiria wapatao 600 na tani 200 za mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Faida yake kwa mkulima wa Ufipa haikuwa ukubwa wake. Faida ilikuwa kwamba ilikuuzia nafasi kwa kiasi ulichohitaji. Mwenye magunia matano alilipia matano, mama mwenye matenga mawili ya migebuka alilipia mawili. Mafuta, ukarabati, mabaharia na bima havikuwa shida yao.

Jambo lingine la kujifunza: vijiji vingi vya pwani yetu havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, mitumbwi na boti za kijiji zikaifuata kubeba abiria na mizigo. Hapo wenye vyombo vidogo walipata kazi ya nusu saa yenye malipo, bila kuhitaji chombo cha kwenda Kigoma. Mwenye mtumbwi mdogo na mwenye meli kubwa walitegemeana, na mwenye gunia aliwatumia wote wawili.

Lakini njia hii nayo ina kasoro yake. Liemba iliposimamisha safari mwishoni mwa miaka ya 2010 ikisubiri matengenezo makubwa, waliokuwa wamejenga biashara yao yote juu ya ratiba ya meli moja walikwama. Waliokuwa wanafahamiana na manahodha wa boti za mbao, au wenye mteja Matai na Sumbawanga kwa njia ya barabara, waliendelea. Usipomiliki chombo, usitegemee chombo kimoja.

Usiku wa karabai na malipo ya fungu

Tuje kwenye uvuvi, maana wengi mnataka boti kwa sababu ya dagaa.

Zamani dagaa wa ziwa hili walivuliwa usiku kwa moto: mwenge unawaka mbele ya mtumbwi, samaki wanasogea, wavuvi wanateka kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Kuanzia miaka ya 1950 zilienea taa za karabai na nyavu kubwa za kuinua zinazotumia vyombo viwili vilivyounganishwa. Siku hizi taa nyingi ni za betri na sola. Uvuvi ukawa mkubwa, na gharama ya kuingia ikapanda. Mtu mmoja hawezi kirahisi kuwa na vyombo, injini, wavu, taa na mafuta kwa pamoja.

Ndiyo maana katika maziwa yetu, kama ilivyo katika majahazi ya pwani, malipo mengi yanakwenda kwa fungu. Kwanza zinatolewa gharama za safari: mafuta, chakula, matengenezo madogo. Kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wafanyakazi, na nahodha hupata zaidi ya baharia wa kawaida. Viwango vinatofautiana mwalo kwa mwalo, lakini mpango ni huo. Kwa njia hii kijana asiye na kitu anaingia ziwani kwa nguvu zake, na akikosa samaki hana deni la injini.

Mwenye chombo yeye deni analo hata samaki wasipopatikana. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, chombo kinalala. Upepo wa kusini ukivuma kiangazi, chombo kinalala. Na mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazotumia ziwa hili, Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ni hatua nzuri kwa ziwa. Lakini mwulize aliyenunua boti ya uvuvi kwa mkopo, marejesho ya miezi hiyo mitatu aliyatoa wapi. Ng'ombe angekuwa zizini, angekula majani na kunya samadi.

Wenzetu wa Ziwa Rukwa wanajua zaidi. Ziwa lile ni la kina kifupi, hupanuka na kusinyaa. Mwalo wa mwaka huu waweza kuwa tope mwaka kesho. Chombo chako kinabaki, maji yanahama.

Chombo cha wengi

Njia ya nne ni kumiliki pamoja. Nchi yetu ina historia ndefu ya jambo hili. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ni ya mwaka 1932, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakasajili KNCU mwaka 1933. Hakuna mkulima mmoja pale aliyekuwa na ghala, lori na soko la nje, pamoja walivipata. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ikahitaji sheria nyingine mwaka 1982 kuvirudisha. Sheria tunayotumia sasa ni ya 2013.

Funzo ninalolichukua ni kwamba mali ya pamoja hudumu pale wanachama wanapoiona ni yao na kujua hesabu zake. Watu kumi wakinunua boti, na mmoja tu ndiye anayejua imesafiri mara ngapi, hiyo si boti ya kumi. Ni boti ya mmoja iliyonunuliwa na tisa.

Tupige hesabu

Namba zifuatazo ni za mfano tu. Weka bei za kwako.

Tuseme boti na injini ni shilingi 12,000,000, na itadumu miaka 6. Kila mwaka inakula 2,000,000 ya thamani yake. Ongeza matengenezo, leseni na ukaguzi 1,200,000. Jumla 3,200,000 kwa mwaka, hata kama haijasafiri.

Tuseme kila safari inatumia 150,000 kwa mafuta na watu, inabeba magunia 60, na nauli ya gunia ni 5,000. Ikijaa, safari inaingiza 300,000. Ukitoa gharama inabaki 150,000. Gawanya 3,200,000 kwa 150,000: unahitaji safari 22 zilizojaa kila mwaka kabla hujaona faida ya shilingi moja.

Mzee wangu ana magunia 20 kwa mwezi, tena miezi ya mavuno tu. Hata tukimpa miezi yote 12, magunia 240 kwa nauli ya 5,000 ni 1,200,000 kwa mwaka. Akiwa na boti yake, safari zile 12 zitamgharimu 1,800,000 za uendeshaji juu ya ile 3,200,000, yaani 5,000,000. Na hapo magunia 40 ya nafasi yanakwenda tupu kila safari, labda awe amegeuka mbeba mizigo ya watu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, ina ujuzi wake na usiku wake wa kukesha.

Njia tano za kutumia ziwa bila kununua boti

1. Lipia nafasi. Kama mzigo wako ni chini ya nusu ya chombo, lipa kwa gunia. Pima mzigo kwa mizani. Lumbesa inakupunja sokoni na inamdanganya nahodha juu ya uzito.

2. Kodini safari kwa pamoja. Watu watatu au wanne wa kijiji kimoja mkijaza boti, kodini safari nzima kwenda na kurudi. Kurudi ndiko wengi wanakosahau. Boti inayorudi tupu mmeilipia bure. Pangeni mapema nani atanunua dagaa, nani atarudi na migebuka.

3. Ingia kwa fungu. Kama una wavu, taa au fedha ya mafuta, unaweza kuchangia kwenye chombo cha mtu mwingine kwa makubaliano ya fungu. Hakikisha chombo kina leseni na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni kinamfahamu mwenye chombo.

4. Miliki kitu cha nchi kavu. Nchini Burundi, upande wa kaskazini wa ziwa hili hili, kuanzia 2004 FAO ilisaidia watu kuanika dagaa juu ya vichanja badala ya mchangani. Dagaa wa kichanja hana mchanga, anakauka vizuri na anauzika kwa bei nzuri. Kichanja ni nguzo, fito na wavu. Ukiwa na vichanja na turubai la mvua, wenye boti ndio watakaokutafuta.

5. Nunueni pamoja, ila mwisho kabisa. Fanyeni kwanza msimu mmoja au miwili ya kukodi pamoja. Mkiona mnajaza safari za kutosha na hamjagombana kwenye hesabu, sajilini kikundi, fungueni akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, halafu ndipo mzungumzie boti.

Mambo ya kuandika kabla mzigo haujapanda

Kumbuka Speke na Burton. Karatasi moja inatosha, ikiwa na haya: jina la chombo na la nahodha, idadi na uzito wa mzigo, mwalo wa kuanzia na mwalo wa kushushia, siku ya kuondoka, na itakuwaje ikichelewa, bei yote, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, nani anabeba hasara mzigo ukilowa au ukipotea, sahihi za wote wawili na shahidi mmoja, ikiwezekana mtendaji wa kijiji. Usilipe fedha yote kabla ya kufika. Acha sehemu ilipwe mzigo ukishashuka.

Na hili la mwisho si la fedha. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, imejaa kupita kiasi, watu zaidi ya 200 wakafa, ufukwe unaonekana. Anayekodi ana nafasi moja ambayo mwenye chombo hana: anaweza kukataa kupanda. Ukiona kingo za boti ziko karibu na maji, ukiona majaketi ya kujiokolea hayatoshi, ukiona nahodha amelewa au mawingu ya kusini yamesimama, shusha magunia yako. Nauli iliyopotea utaitafuta tena.

Jibu nililompa mzee

Alirudi baada ya wiki, na daftari lile lile. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo bwana shamba unaniambia niache ziwa?"

Nikamwambia hapana, Mzee. Ziwa usiliache, boti ndiyo uiache kwa sasa. Tafuta wenzako watatu, kodini safari tatu msimu huu, na kila safari andika kwenye daftari hilo: mmebeba nini, mmelipa nini, mmerudi na nini. Mwakani daftari likionyesha mnajaza safari 22, njoo, nami nitashuka na wewe Kirando kumtafuta fundi wa boti. Likionyesha sita, ng'ombe wako bado wako zizini na mvua zikianza utalima.

Aliandika "22" kwenye jalada la daftari, akalizungushia mstari, akaliweka mfukoni. Mpaka naandika haya ameshapata wenzake wawili, anamtafuta wa tatu.

Nawe kama unafikiria jambo hili, njoo ofisi ya kata na hesabu zako, tukae tuzipitie pamoja. Usije umeshauza ng'ombe.